Ndege Ndani ya Kasha

9 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, na chumba nilichopanga kina dirisha, kwa hiyo usiamini kila anachokuambia Shangazi. Wewe je, mguu unaendeleaje? Macho? Na jirani bado anakuletea ile saa yake ya ukutani, au ameshakubali kwamba imekufa?

Nimepata kazi, Babu. Kiwanda cha kupiga sarafu, chumba cha ukaguzi. Sizungumzii sarafu za kununulia mkate, zile zinamwagwa kwenye mapipa kama mahindi. Mimi niko upande wa seti, hizi za kasha na cheti, ambazo wewe ulikuwa unazipangia foleni posta na Bibi anakuuliza kama leo tutapika kasha.

Siku ya kwanza walitupeleka kwenye mashine. Fundi akachukua kipande kitupu cha fedha, kimesuguliwa hadi kinatisha, akakiweka kwa koleo lenye ncha laini. Nilijiandaa kuziba masikio. Haikupiga kelele hata kidogo. Ilishuka polepole, ikabana, ikapanda, ikashuka tena palepale. Fundi akakitoa kile kipande, na pale palipokuwa patupu palikuwa na ndege, kila unyoya wake, mweupe kama ametoka kwenye ukungu, amesimama juu ya fedha inayong'aa kama kioo. Chini ya miguu yake niliona uso wangu mwenyewe, nimeachama mdomo.

Nilitaka kusema kitu nikakosa. Mimi, Kengele wako, ambaye mwalimu alikuwa ananiketisha peke yangu ili darasa lipumzike. Uliniambia tangu nikiwa mdogo kwamba sarafu hizi hupigwa mara mbili, nami nikawa naitikia tu ndiyo Babu, ndiyo Babu. Sasa nimeona. Wewe ndiye uliyestahili kusimama pale.

Msalimie Shangazi, mwambie dirisha lipo.

Mjukuu wako,
Kengele


27 Februari

Kengele wangu,

Marahaba, na tena marahaba, mara mbili kama hiyo mashine yenu. Sisi hatujambo. Mguu unalalamika lakini unatembea. Shangazi yako ameisoma barua yako akasema dirisha si kitu, aulizwe mwenye nyumba kama kuna maji.

Mimi nimeisoma nikatoka nje nikakaa. Maisha yangu yote nimetengeneza saa, na tangu ujana nimenunua seti, na sijawahi kuona hata sarafu moja ikizaliwa. Umeona kitu, mtoto wewe.

Sasa nisikilize. Kwa kuwa unafanya kazi hapo, watu watakuja na makasha wakuulize yana thamani gani. Usiwajibu haraka. Tazama kwanza zilipigwa ngapi, wala usikisikilize kipeperushi, maana kipeperushi kila mwaka kinasema toleo maalumu. Halafu jiulize zimebaki ngapi. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Sarafu za zamani ni adimu kwa sababu watu walizitumia, wakazipoteza, wakazitoboa wakazivaa shingoni. Hizi zenu zinanunuliwa na watu wa aina yangu, tunaziweka kabatini tunazichunga kama mayai. Hazipotei. Zipo zote, zinasubiriana. Yale makasha yangu yaliyo chini ya kitanda niliyapeleka kwa muuza sarafu, akayapitia yote, akanirudishia moja moja kwa adabu kama daktari mwenye majibu mabaya.

Isipokuwa lile moja. Unalijua, la mwaka uliozaliwa. Nililinunua wiki ileile, nikatoka posta nikanyoosha hadi hospitali, na Bibi yako akaniona naingia na kasha badala ya kitambaa cha kukubebea. Hakunisamehe hadi anaingia kaburini. Utepe wa kiwanda bado uko juu yake, sikuufungua. Wauzaji wanasema kwamba mwaka ule sarafu kubwa za mwanzo zilitoka na ndege aliyeinuka, kifua kimejaa, halafu zilizofuata ndege akawa amelala bapa. Makasha kwa nje yanafanana yote. Waliofungua karibu wote wamekuta aliyelala. Ulizia huko kama ni kweli, maana wauzaji nao midomo yao mitamu.

Macho yapo. Kwenye saa namba sita imeanza kujificha, lakini namba sita haijawahi kuwa na kazi kubwa.

Babu yako


6 Mei

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri, umeshapata chai. Mimi naendelea, ila nimepata aibu kazini, na kabla hujaisikia kwingine bora nikwambie.

Unajua mdomo wangu. Nilikuwa nakagua sarafu huku namsimulia mwenzangu habari za mwenye nyumba. Sarafu zikapita safi kabisa chini ya taa, zikapangwa kwenye makasha. Baada ya wiki kadhaa msimamizi akaniita. Akafungua kasha moja: kwenye kioo cha sarafu palikuwa na kidoa cheusi, kidogo kama punje ya mchanga. Lilikuwa tone la mate yangu, Babu. Siku ile halikuonekana. Likakaa pale kimya kimya likiila fedha hadi likajitokeza. Msimamizi hakunifokea. Alisema tu kwamba fedha inakumbuka, na mate ni madogo, kidole cha mtu ndiyo balaa: siku ya kwanza huoni kitu, baadaye kila mstari wa kidole unachomoza, na ukichomoza hautoki. Sarafu hizo zikarudi kuyeyushwa. Siku hizi nafanya kazi nimefunga mdomo na kitambaa, na wenzangu wamefurahi mno.

Sasa habari yako. Nilimfuata mchongaji, mzee anayetengeneza chapa za chuma zinazopiga sura. Nikamtajia ndege wa mwaka wangu. Akaweka patasi chini. Kumbe ni kweli. Ni yeye aliyemchonga, na alimchonga kwa kina kirefu kwa sababu alikuwa kijana na hakutaka kusikia la mtu. Chapa ikapasuka mapema, ikaja nyingine ikapasuka nayo, ndipo wakamwamuru amlaze. Nilimuuliza anaonekanaje yule wa kwanza. Alinyoosha kiganja akakipinda kidogo, hivi, kama anayebeba kifaranga.

Babu, fungua kasha. Shangazi amenipigia. Ameniambia alichosema daktari, kwamba katikati ya macho inafifia na haitarudi, utabaki na pembeni tu. Kwa nini unaniandikia habari za namba sita? Fungua sasa hivi, weka lenzi yako jichoni, umtazame. Ukichelewa hutamwona.

Mjukuu wako anayekupenda,
Kengele


30 Mei

Kengele,

Marahaba. Tuko salama. Shangazi yako tumemsema na amekiri kosa la kuwa na simu.

Hapana. Silifungui.

Umekuwa mkaguzi, basi nikujibu kama mkaguzi. Kasha lililofungwa lina bei ya juu kwa sababu anayelinunua ananunua uwezekano. Nikilifungua nikamkuta ndege aliyelala, nimebaki na seti ya kawaida kama zile za chini ya kitanda, na utepe umechanika. Likiwa limefungwa, yumo aliyelala na yumo aliyeinuka, wote wawili, na muuza sarafu ananiheshimu. Alikuja hapa juzi. Alilizungusha mikononi kama mtoto mchanga akaniomba nisije nikaligusa kwa kisu.

Sina nyumba ya kukuachia, hii ni ya kupanga. Karakana nimeifunga mwezi uliopita, sikutaka kukuambia. Niliweka akrabu ndefu ya saa ya mtu mahali pa ile fupi nikajua basi. Nina kasha moja. Mama yako alipofariki nilisema nitakuachia kitu ambacho mkono wa mtu haujakichafua. Hicho ndicho. Usinisumbue nacho.

Kula vizuri. Ukiumwa andika.

Babu yako


14 Juni

Babu,

Shikamoo. Sitauliza habari za macho kwa kuwa hutaniambia ukweli.

Nimekuelewa, na hesabu yako ni sahihi. Hata msimamizi nimemsimulia akasema babu yako anajua. Lakini kuna kitu hukukipima. Ukiniachia kasha hilo limefungwa, unadhani mimi nitaliuza? Nitaliweka kabatini. Na kwa kuwa wewe hukulifungua, mimi nitaona si haki nilifungue mimi. Nitamwachia mwanangu, naye ataogopa kama mimi. Tutakuwa ukoo wa kulinda utepe. Mchongaji alivunja chapa mbili kumtoa ndege yule, na hakuna hata mmoja wetu atakayemtazama.

Kila siku napitisha sarafu chini ya taa, na kila siku kuna moja inayonifanya nisimame. Sijazoea hadi leo. Nikishtuka namna hiyo nakufikiria wewe, umekaa juu ya kasha lako gizani. Naona uchungu, nakwambia wazi.

Sitaandika tena mpaka ufungue.

Kengele


3 Oktoba

Mpendwa Kengele,

(Ni Shangazi yako ninayeandika. Mzee anasema, mimi naandika. Maoni yangu nitayaweka kwenye mabano kwa sababu amenikataza kuyasema.)

Babu yako anakusalimu sana na anasema kiburi chako umekirithi kwa bibi yako. Barua yako ilimkera. (Alinifanya nimsomee mara nyingi, nikaichoka.) Alitaka kukujibu siku ileile, akawa anatafuta la kusema, siku zikapita, halafu macho yakaenda haraka kuliko alivyoambiwa. Sasa anaona mwanga wa dirisha na ukingo wa mlango. Uso wangu hauoni. (Anasema hajapoteza mengi.)

Anasema wiki iliyopita alilifungua kasha. (Aliniita nimpe wembe wa kazi yake ya saa, kisha akaniambia nitoke chumbani na nifunge mlango. Nilikaa nje muda mrefu hadi nikadhani amesinzia. Nilipoingia kasha lilikuwa limefungwa vizuri na mzee amekaa kitandani anatabasamu peke yake. Nilimuuliza kuna nini, akaniambia nikapike.)

Anasema hakumwona ndege. Alisubiri mno, ulikuwa sahihi. Anakuletea kasha kwa mkono wa dereva tunayemfahamu, cheti kimo, kila kitu kimo. Anasema hakuambii kilichomo, wewe ndiye mkaguzi, mtazame ndege, kisha umwandikie mzee sarafu ina thamani gani. Mimi nitamsomea.

(Anakula vizuri. Anajua kona zote za nyumba. Usilie.)

Babu yako, kwa mkono wa Shangazi yako


20 Oktoba

Babu yangu, na Shangazi unayesoma,

Shikamooni wote wawili. Kasha limefika salama. Dereva alilibeba mapajani safari nzima.

Nilinawa mikono, nikatandika kitambaa, nikavaa glavu, nikafungua kifuniko. Sarafu zote zimo, kila moja ndani ya kifuko chake kigumu cha plastiki. Ile kubwa niliiacha ya mwisho. Niliinamisha taa pembeni kama ulivyonifundisha ili kivuli kiseme.

Ameinuka, Babu.

Kifua chake kinatoka kwenye fedha kama anavuta pumzi. Bawa lina kivuli chake. Nilizungusha taa na kivuli kikazunguka nayo, na nywele zikanisimama. Kila siku nakagua ndege wazuri, lakini wale wamechorwa, huyu amekaa. Niliita jina lako kwa sauti chumbani peke yangu.

Nilimpelekea mchongaji. Sikuifungua plastiki hata kwake, nilimpa hivyo hivyo. Alimtazama kwa muda akasema alidhani wote wameshapotea, akafuta macho kwa mkono wa shati. Msimamizi anasema seti kama hii, ikiwa na cheti chake na haijaguswa, wenye mnada wataifuata hadi mlangoni. Anasema inatosha kuanzia maisha.

Kwa hiyo hesabu yako ilikuwa sahihi na yangu pia, na bahati imetufunika wote. Nimemlaza kwenye droo kavu. Kila Jumapili nitamtazama kwa niaba yako.

Mjukuu wako,
Kengele


11 Aprili

Babu,

Shikamoo. Poleni na baridi. Shangazi ameniambia unatembea hadi dukani na kurudi mwenyewe, na umegombana na muuza duka kuhusu saa yake.

Babu, nina jambo na sijui nilianzie wapi. Jumapili nilimtoa ndege kama kawaida. Chini ya kifua chake, kwenye kioo, niliona ukungu. Nikadhani ni plastiki, nikaifuta kwa nje, haukutoka. Nikaweka lenzi. Ni kidole. Kidole gumba kizima, mistari yote, rangi ya chai nyepesi, na kinazidi kukolea. Kingine hafifu kiko juu ya bawa.

Sijawahi kuifungua plastiki ile. Mchongaji hakuifungua. Utepe ulikuwa wa kiwanda hadi ulipoukata. Msimamizi ameona, akasema bei ile tuisahau. Mchongaji anasema kuna dawa ya kuoshea, tukiwahi inaweza kupunguza, ila inaweza pia kuondoa ule ukungu mweupe wa manyoya.

Nani alimshika, Babu?

Kengele


2 Mei

Mpendwa Kengele,

(Shangazi hapa. Nimemsomea barua yako. Alicheka, kisha akaniambia nichukue kalamu na leo nisiweke mabano mengi.)

Ni mimi.

Nilikata utepe, nikafungua kasha, nikainua sarafu hadi jichoni. Niliona weupe tu. Niliigeuza dirishani, nikaisogeza pembeni ya jicho ambako bado kulikuwa na kamwanga. Weupe. Nikakumbuka ulivyoandika kwamba mchongaji alikipinda kiganja kama anabeba kifaranga. Nikajua kuna njia moja iliyobaki.

Unakumbuka nilivyokuwa nafungua mgongo wa saa kwa ukucha? Kifuko kile ni hivyo hivyo. Nilinawa mikono kwanza, nikaikausha. Nilijua vizuri ninachofanya; mimi ndiye niliyekufundisha, na wewe ukaniandikia habari ya mate. Nilijua pia kwamba hutaona kitu mapema. Sikukuambia kwa sababu nilitaka umwone kwanza akiwa safi.

Nimekusanya sarafu hizi tangu ujana, Kengele, na sijawahi kugusa hata moja. Hata moja. Niliweka kidole gumba juu ya kioo na kilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Nikapanda taratibu, nikamkuta. Kifua. Shingo. Kisha bawa, nikahesabu manyoya kwa ncha ya kidole kama ninavyohesabu meno ya gurudumu la saa. Alikuwa ameinuka. Nilimwona, mtoto wangu. Shangazi yako yuko nje ananiulizia uji, na mimi nina ndege mkononi.

(Alikuwa anatabasamu kwa hilo. Mimi nilidhani ni homa.)

Nimekuharibia urithi. Nilisema nitakuachia kitu ambacho mkono wa mtu haujakichafua, na mkono uliokichafua ni wangu. Ukitaka kumwosha, mwoshe. Ni wako.

Babu yako


Jumapili, 19 Mei

Babu yangu,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa. Shangazi, msomee polepole.

Mchongaji alileta dawa na pamba. Nilimshukuru nikamwambia arudi nayo. Akauliza kwa nini, nikampa barua yako aisome. Alisoma amesimama, akakunja, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema kwamba tangu amchonge ndege yule watu wamempima, wamempiga picha, wamembishania bei, na wewe ndiye wa kwanza aliyemjua.

Uliniagiza nimpe thamani. Nilikujibu mapema mno, na ulinionya tangu mwanzo nisijibu haraka. Nimeandika upya, nimeweka karatasi ndani ya kasha pamoja na cheti: Sarafu kubwa, ndege aliyeinuka. Imeshikwa na Babu. Haiuzwi.

Kisha nikafanya jambo ambalo kazini ningefukuzwa papo hapo. Nilivua glavu. Nilifungua kifuko kwa ukucha, nikafumba macho, nikaweka kidole gumba changu juu ya chako, nikapanda taratibu. Kifua. Shingo. Bawa.

Baridi kama ulivyosema. Nami nimemwona, Babu.

Changu bado hakionekani. Kikitokea nitakuandikia.

Mjukuu wako,
Kengele